Kufunga ekstensheni ndani ya kabati la kuchajia simu

Kwenye kabati kuukuu la mbao lililogeuzwa kuwa la kuchajia simu, pale mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, ekstensheni usiilaze chini: maji ya samaki hutuama hapo. Ifunge ubavuni, sentimita 15 kutoka chini. Ichomoe kwanza. Bandika karatasi mgongoni mwake, toboa alama za matundu mawili ya kuning'inizia, hamishia alama hizo ubaoni, kaza skrubu mbili hapo, kisha tundika ekstensheni. Vichwa vya skrubu vijitokeze ubaoni kama milimita 3 tu. Vikizidi, ekstensheni hucheza, na kichwa huweza kugusa shaba yenye umeme ndani yake. Hiyo ni hatari kweli. Gundi pekee haitoshi, joto huilegeza. Waya upitie tundu lenye mpira, ubanwe kwa klipu ndani, usichomoke ukivutwa. Toboa matundu ya hewa juu na chini. Pasi isichomekwe humo kamwe.