Somo: Kuhamisha Dell OptiPlex 9020 ya mnara kwenye kasha dogo la gemu

Wakuu, hizi Dell OptiPlex 9020 zilizotoka maofisini Ulaya zimejaa kwenye maduka ya kompyuta za mtumba, kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue kule Nairobi. Wengi wetu tunayo ile ya mnara. Ni mashine ya mwaka 2013 yenye prosesa za Intel za kizazi cha nne, na bado inaimudu GTA V, PES za miaka ile na emuleta ya PS2. Kinachoudhi ni ukubwa wake: sm 36 kwa 17.5 kwa 41.7, yaani lita 26 hivi. Mdogo wake, 9020 SFF (Small Form Factor, yaani ya kasha dogo), ni sm 29 kwa 9.3 kwa 31.2, lita 8 na kidogo. Unailaza chini ya runinga, mgeni anadhani ni dikoda.

Kazi yetu ni kuchukua prosesa, RAM na SSD za mnara, kuziingiza kwenye SFF, kisha kuongeza kadi ya picha inayolingana na kasha. Nasisitiza hilo la mwisho. Kwenye kasha dogo hauchagui kadi kwa pesa uliyonayo peke yake. Nafasi na wati ndizo zinazokukatia shauri.

Madabodi iache ilipo

Watu huuliza kwa nini tusing'oe madabodi (bodi kuu) ya mnara na kuifunga kwenye kasha zuri la dukani. Kwa 9020 hilo ni kujitafutia kazi. Pawa saplai yake inaingia kwenye madabodi kwa plagi ya pini 8 ya Dell wenyewe, si ile ya pini 24 iliyozoeleka, na waya za kitufe cha mbele nazo ni za kwao. Utanunua adapta juu ya adapta. Nafuu zaidi tafuta SFF yenye prosesa ya i3, ikibidi isiyo na diski kabisa, kwa sababu hizo ndizo muuzaji anazotaka zimtoke dukani.

Ukiwa dukani omba ifunguliwe. Hakikisha kuna nafasi nne za RAM na nafasi mbili ndefu za kadi, na lebo ya pawa saplai isome 255W. Muuzaji akikuletea 9020 Micro na kukuambia "hii ndogo zaidi, kaka", mshukuru na umrudishie. Micro haina pa kuchomeka kadi ya picha, na RAM yake ni ya kompyuta mpakato.

Hatua ya 1: Bayosi kwanza

Iwashe SFF na i3 yake hiyohiyo. Kama prosesa unayotaka kuhamisha ni i5-4590 au i7-4790, hizo zilitoka 2014, na madabodi yenye bayosi (programu yake ya kuwashia) ya zamani inaweza isizitambue. Pakua bayosi mpya ya 9020 kutoka tovuti ya Dell, iweke kwenye flashi ya FAT32, washa huku ukibonyeza F12, chagua BIOS Flash Update. Fanya hivi ukiwa na UPS. Umeme ukikatika katikati ya zoezi, madabodi inaweza kufa palepale.

Kabla ya kuondoka hapo, nenda kwenye mnara, bonyeza F2, uangalie SATA Operation (jinsi madabodi inavyoisoma diski) imewekwa RAID On au AHCI. Andika pembeni, tutaihitaji.

Hatua ya 2: Prosesa

Ziendeshe mashine zote mbili kama dakika kumi ili pesti ya zamani (ile ya kupitishia joto juu ya prosesa) ilainike, kisha chomoa waya wa umeme na ubonyeze kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa kumaliza chaji iliyobaki. Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kingine chochote.

Hitisinki (kipoza joto cha prosesa) imeshikwa na skrubu nne. Zilegeze kwa mtindo wa msalaba, kidogokidogo, si kumaliza moja ndipo uende nyingine. Ikigoma kutoka izungushe taratibu kushoto na kulia, usiivute juu kwa nguvu. Kwenye soketi hii ya LGA1150 pini ziko kwenye madabodi, kwa hiyo kidole chako kisifike humo. Pini moja ikipinda umeingia gharama. Prosesa ina vijicho viwili pembeni vinavyoonyesha inakaa vipi. Inatua yenyewe bila kusukumwa.

Futa pesti kuukuu kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka mpya kiasi cha punje ya dengu katikati, basi. Tumia hitisinki ya SFF, ya mnara haitaingia. i7-4770 na 4790 zote ni za wati 84, na Dell mwenyewe aliuza SFF zenye i7, kwa hiyo mfumo wa kupoza unazimudu. Zile zenye herufi K mwishoni mwa jina achana nazo humu ndani.

Hatua ya 3: RAM na SSD

RAM ni DDR3 ileile. Weka vipande viwili vinavyofanana, anza na nafasi zenye vibanio vyeupe, ili vifanye kazi kwa jozi. GB 16 zinatosha.

SSD ya SATA chomeka, kisha ingia F2 uweke SATA Operation kama ulivyoandika. Ukilisahau hili Windows itakutolea skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE na utaanza kumlaumu aliyekuuzia.

Hatua ya 4: Kadi ya picha

Hapa ndipo pesa za watu hupotea, kwa hiyo tutulie.

Pawa saplai ya SFF haina waya wa ziada wa kadi. Kadi itakula umeme wa nafasi yake tu, ambao kikomo chake ni wati 75. Piga hesabu: prosesa 84, kadi 50, vilivyobaki tuseme 40. Jumla 174 kati ya 255, unapumua. Ndiyo maana mimi napenda kuishia kwenye wati 50, hasa ukizingatia joto letu la Dar.

Pili, kadi lazima iwe fupi ya kimo, ile wanayoiita low profile, na ije na kibati chake kifupi. Tatu, unene. Nafasi ya x16 (ile ya kadi ya picha) iko upande mmoja na jirani zake wanabana, kwa hiyo tafuta kadi inayochukua nafasi moja.

Zinazotimiza masharti yote ni kadi za maofisi. Quadro P1000 ina GB 4 na inakula wati 47. T600 ina GB 4 na wati 40. T1000 ni ya wati 50. P1000 ndiyo rahisi kuipata mtumba, na GTA V inaicheza 1080p kwa mipangilio ya kati bila malalamiko. Ila ni ya kizazi cha Pascal, ambacho Nvidia wamekifungia mlango: draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kukihudumia. Bei zikikaribiana chukua T600.

Radeon RX 6400 inasifiwa sana kwa kuwa nyembamba na wati 53. Kwenye mashine hii siipendekezi. Inatumia njia nne tu za PCIe (mawasiliano ya kadi na madabodi), ikategemea kasi ya PCIe 4.0 kufidia, na 9020 ni 3.0. Unalipia nguvu ambayo hutaipata yote.

Kadi hizi za ofisi zinatoa picha kwa mini DisplayPort, kwa hiyo nunua adapta ya HDMI kabisa. Na waya wa runinga uchomeke kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi.

Hatua ya 5: Mfumo

Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haipokei prosesa hizi. Mimi naweka Linux Mint na Steam (duka la gemu), kisha kwenye mipangilio ya Steam nawasha Proton, inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux. Gemu nyingi za Windows za mchezaji mmoja zinacheza bila wewe kugusa chochote.

Baada ya hapo cheza saa nzima huku ukiangalia joto la prosesa. Ikikaa chini ya nyuzi 80 funga kifuniko. Ikipita, rudi kwenye pesti na skrubu.

Maswali ya wanachama

*Mwanza: Mkuu, mimi nina HP EliteDesk 800 G1 ya mnara. Naweza kuhamishia kwenye hiyo Dell?*

Prosesa na RAM ndiyo, ni soketi ileile na DDR3 ileile. Madabodi na pawa saplai hapana, HP nao wana plagi zao. Kama una subira tafuta 800 G1 SFF, ubaki kwenye ukoo mmoja.

*Nairobi: Boss, niko na GTX 750 Ti ya saizi kubwa. Nikitoa kile kibati si itaingia?*

Haitaingia. Kibati ni sehemu ndogo ya tatizo. Bodi yenyewe ya kadi ni ndefu kuliko kimo cha kasha. Iuze, uongezee pesa uchukue P1000.

*Morogoro: Nimeona GT 1030 bei ya kutupa. Vipi hiyo?*

Inafaa kama ni ya GDDR5. Kuna nyingine ina jina hilohilo lakini kumbukumbu yake ni DDR4, na kasi ya kumbukumbu inashuka kutoka GB 48 kwa sekunde hadi 17 hivi. Kwenye gemu utaiona tofauti. Soma boksi au mwambie muuzaji aichomeke uone.

*Arusha: Vijana wangu wanataka EA FC ya kushindana mtandaoni. Linux itakubali?*

Hapana kaka, ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu unaikataa Linux. Valorant na Fortnite hali ni hiyohiyo, na GTA Online nayo ilifunga mlango Septemba 2024, ingawa hadithi ya GTA V unaicheza kama kawaida. Kama hizo ndizo gemu zao, baki na Windows 10 ukijua haipati tena marekebisho ya kawaida ya usalama, na usiifanye mashine ya kufanyia miamala ya benki.

*Tanga: Huku kwetu hewa ya chumvi na vumbi. Nisafishe kila baada ya muda gani?*

Fungua kila baada ya miezi mitatu. Tumia brashi laini na pampu ya upepo, na shika feni isizunguke unapopuliza. Ukiilaza chini ya runinga iachie nafasi ya vidole vinne mbele na nyuma, na usiweke kitambaa cha mapambo juu yake, najua mama watoto atataka.

*Mbeya: Mnara uliobaki nifanyie nini?*

Weka ile i3 na RAM zilizotoka kwenye SFF, tafuta diski ya bei poa, uuze kama kompyuta ya ofisi. Wenye steshenari wanazitafuta sana.