Kabla hujaagiza miche ya waridi ije Mtwara

Maelekezo mengi ya waridi yameandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Uingereza, mtu huagiza mche uliolala usingizi wa baridi, mizizi mitupu bila udongo, akaufukia mpaka kupita pale ulipobebeshewa, yaani pale tawi la aina moja lilipounganishwa na shina la nyingine. Usiku baridi ikirudi ghafla wakati machipukizi yameshatoka, huufunika kwa kitambaa barafu isije ikayaunguza. Ukiyafuata hayo yote Mtwara, mche unaweza kufa. Huku adui ni jua la mchana na upepo wa kusi unaokuja na chumvi.

Anza na pale palipobebeshewa. Aliyewahi kupanda mikorosho ya kubebesha anakijua kile kifundo ambapo kikonyo, lile tawi lililobebeshwa, kimeshikana na shina la chini. Penye barafu hufukiwa ili kisiuawe na baridi. Pwani kiache juu ya udongo, vidole viwili hivi, kisikae kwenye unyevu kikaoza.

Shimo liwe tayari kabla hujatuma pesa, maana mche ukishafika hausubiri. Sentimita 40 kwenda chini na 40 upana zinatosha. Mchanga wetu wa pwani haushiki maji, kwa hiyo changanya samadi nyingi iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi. Na maji ya kisima yaonje. Yakiwa na chumvi, kinga ya mvua kwenye pipa, kwa sababu waridi halivumilii chumvi, na majani huanza kukauka kingoni.

Waridi linataka jua la asubuhi, ila la alasiri likinge kwa makuti upande wa magharibi. Upande unakotokea kusi weka uzio wa makuti pia, usioshonwa kwa kubana sana. Upepo upungue nguvu huku ukiendelea kupita.

Kuhusu safari, mche wa kwenye kiriba, ule mfuko wenye udongo, ni salama kuliko wa mizizi mitupu, ingawa ni mzito na nauli yake inapanda. Ukitoka Arusha unapita Dar es Salaam, na kutoka hapo mpaka Mtwara ni zaidi ya kilomita 550. Mwombe muuzaji atoboe boksi matundu, alowanishe udongo, na aandike kwa herufi kubwa kwamba ndani mna miche. Ulizia barabara siku hiyohiyo ya kutuma: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika wilayani Kilwa na magari yakakwama. Nalisisitiza hili kwa sababu mwezi ninaoupenda kwa kupanda ni huohuo wa Mei, ardhi ikiwa bado ina unyevu na jua limeanza kupoa. Anayeagiza Njombe mwezi Juni au Julai akague ncha za matawi. Kule barafu huanguka kweli, na ncha iliyopigwa huwa nyeusi.

Mche wa mizizi mitupu ulowekwe kwenye ndoo kivulini kwa saa chache, upandwe jioni.

Jambo la mwisho la kuwa nalo nyumbani ni salfa, dawa ya ukungu wa majani. Waridi hupata ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya majani machanga, kama mkorosho. Ipulizwe alfajiri, na joto likipita nyuzi 30 iache kabisa, maana hapo salfa yenyewe huunguza majani.