SOMO: Kukagua mfumo wa kuzima moto kwenye loda

Habari zenu ndugu. Somo la leo nalitolea mfano wa loda (mtambo wa kuchota na kupakia mawe) yenye mfumo wa poda kavu, kwa sababu ndio ninaoushika kila siku huku migodini Geita. Kwenye dampa, ekskaveta au greda mpangilio hubadilika, ila kanuni ni zile zile.

Kwanza tuujue moto wenyewe. Presha ya haidroliki kwenye ekskaveta kubwa hufika baa 350 (baa ni kipimo cha presha). Paipu ikitoboka tundu la sindano, oili haidondoki, inatoka kama ukungu. Hapo jirani kuna turbo na ekzosi ambazo mtambo ukibeba mzigo hupita nyuzi 500. Ukungu huo hausubiri cheche, joto la chuma linatosha. Na opereta yuko juu, ngazi ni moja. Kwa hiyo mfumo huu kazi yake ya kwanza ni kuukandamiza moto mpaka mtu ashuke. Mtambo ukipona, hiyo ni ziada.

Hatua ya 1. Laza mtambo. Paki sehemu tambarare, shusha bakuli chini, zima injini, iache ipoe, kisha zima swichi kuu ya betri na uifunge kwa kufuli lako mwenyewe. Angalizo: kisanduku cha kugundua moto mara nyingi kina betri yake, hivyo mfumo bado uko macho. Usivutevute kitu ovyo.

Hatua ya 2. Vitufe vya mkono. Viko viwili, kimoja kwenye kebini na kingine chini, mahali mtu aliyesimama ardhini anakifikia. Kila kimoja kina pini na lakiri. Lakiri ikikatika, uliza nani kagusa. Halafu tazama kama kinafikika. Nimeshakuta mkoba wa chakula umening'inizwa kwenye pini ya kebini. Loda ikiyumba, mkoba unavuta.

Hatua ya 3. Katriji. Hapa nataka mtulie. Ukipiga kitufe, sindano inatoboa katriji, yaani kichupa kidogo cha chuma chenye gesi ya naitrojeni. Gesi yake ndiyo inayoamsha mfumo, poda inasukumwa kwenye paipu hadi kwenye nozeli, midomo inayoirushia kwenye moto. Bila katriji, kile kitufe chekundu ni pambo.

Kuna sehemu niliyowahi kufanya kazi, wachomeleaji walitoa katriji kabla ya kuchomelea breketi. Walifanya sawa kabisa. Wakaifunga kwenye tambara, wakaiweka kwenye boksi la vifaa, zamu ikabadilika. Niliikuta baada ya wiki tatu. Muda wote huo loda ilikuwa inapakia usiku na mchana, stika ya ukaguzi ipo, lakiri nzima, taa ya kijani inawaka. Opereta alikuwa kijana mwenye mtoto mchanga. Nilikaa chini pale pale karakana, miguu haina nguvu.

Tangu siku hiyo siamini stika. Nafungua kwa mkono, natazama kama kizibo cha katriji hakijatobolewa, kisha naipima kwenye mizani na kulinganisha na uzito uliogongwa kwenye chuma chake. Ikipungua kuliko kitabu cha mtengenezaji kinavyoruhusu, nabadilisha. Na kila ninapoitoa, nafunga kitambaa chekundu kwenye usukani. Hakifunguliwi mpaka katriji irudi.

Hatua ya 4. Tangi la poda. Mtikisiko wa barabara za mgodi hushindilia poda mpaka igande kama unga uliolowa. Kwenye sevisi fungua, hakikisha inatiririka na iko kwenye kimo chake. Usichanganye poda za aina mbili hata kama rangi zinafanana. Ile ya ABC ikikutana na ya bikaboneti huzaa gesi na unyevu, poda inashikana na presha inapanda ndani.

Hatua ya 5. Paipu na nozeli. Kila nozeli ina kofia inayoruka poda inapotoka. Kofia ikipotea, tope linaingia, grisi inaingia, nyigu wanajenga. Nimewahi kuchokonoa nozeli moja ya turbo kwa waya: ukatoka udongo mwekundu mkavu, urefu wa kidole, na viluwiluwi vya nyigu ndani yake. Kwa nje ilikuwa safi! Tazama pia nozeli inaelekea wapi. Presha ya kuoshea mitambo huzigeuza. Weka jicho lako nyuma yake: unaona turbo, au unaona bonneti?

Hatua ya 6. Waya wa kugundua moto. Kwenye mifumo mingi ni nyaya mbili zilizotengwa kwa plastiki inayoyeyuka joto likipita kiwango, zikigusana kisanduku kinafyatua. Ufuate kwa mkono mwanzo hadi mwisho, utafute palipokwaruzika au palipofungwa karibu mno na ekzosi. Kisha toa katriji (kitambaa kwenye usukani!), fungua kufuli lako, rudisha swichi ya betri, washa injini, fanya jaribio la kisanduku: injini lazima izime yenyewe. Isipozima, pampu itaendelea kuulisha moto oili na feni itaipeperusha poda.

Hatua ya 7. Safisha. Majani makavu, matambara, oili iliyotuama chini ya injini, vyote nje.

MASWALI YA WANACHAMA

Opereta, Kahama: *Fundi shikamoo. Mfumo ukishapiga na moshi ukapungua, naruhusiwa kufungua bonneti nione?*

Marahaba. Hapana, usifungue. Poda inakata mwali lakini haipoozi chuma. Turbo bado ina moto wake, oili bado inadondoka, wewe unafungua hewa iingie. Utaratibu ni huu: simama, shusha bakuli, vuta breki, zima injini, piga kitufe, shuka. Kaa upande upepo unakotoka, mtungi wa mkono ukiwa tayari, toa taarifa kwa redio.

Fundi, Kolwezi: *Kaka, huku kwetu dampa zingine ziko na povu. Gani ni ya nguvu zaidi?*

Kila moja ina kazi yake. Poda ina haraka, povu linapooza na kufunika oili isiwake tena. Ndiyo maana baadhi ya mitambo mikubwa hufungwa vyote viwili. Tangi la povu lenye presha tazama geji yake kila zamu. Na povu la zamani aina ya AFFF lina kemikali za PFAS ambazo hazioziki ardhini, kwa hiyo msilimwage mtaroni.

Dada wa usalama kazini, Mwanza: *Mwuzaji anasema mfumo wake "ni wa kimataifa". Nimuulize nini?*

Muulize jina la kiwango na aoneshe cheti. Kwa mitambo ya migodi kiwango cha Australia AS 5062 kinajulikana sana. Kwa mabasi ipo Kanuni namba 107 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu pia kuzima moto kwenye chumba cha injini. Halafu muulize nani atakayeujaza tena ukishapiga, na poda anaiweka wapi.

Dereva wa dampa, Geita: *Tairi likiwaka je?*

Nozeli kwa kawaida hazilengi tairi, kwa hiyo usitegemee mfumo. Mpira ukiungua kwa ndani huzalisha gesi, na tairi linaweza kupasuka saa nyingi baada ya mwali kuisha. Miongozo ya migodi hutaja kukaa mbali mita 300 kwa saa 24. Ukiona tairi linatoa moshi, usilisogelee na mtungi. Shuka upande wa pili, ondoka, na uwazuie wenzako wasije kutazama.