Ruger 10/22: kuinunua, kuipiga na kuitunza

Bunduki ya Ruger 10/22 ya kawaida ina uzito wa kilo 2 na robo hivi na urefu wa sentimita 94, na teke lake begani halimsumbui hata mtoto. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1964, na tangu wakati huo zimetengenezwa mamilioni. Wanaoanza kujifunza shabaha huishika kwa sababu mbili: ni nyepesi, na risasi zake ni za bei nafuu kuliko karibu zote nyingine. Wepesi huo huo ndio unaowafanya watu waichukulie kama mchezo. Kichwa cha risasi yake, .22 Long Rifle, kina uzito wa gramu 2.6 tu, lakini mtutu ukiinuliwa juu kinaweza kuruka zaidi ya kilomita moja, na kinaua.

Kabla ya yote, fahamu inavyofanya kazi. Boliti yake, kile chuma kinachoteleza nyuma ya risasi, haifungwi na kitu chochote, inashikiliwa na uzito wake na springi. Baruti ikiwaka, gesi inasukuma kichwa cha risasi mbele na ganda nyuma. Ganda linaipiga boliti, linatemwa nje upande wa kulia, kisha springi inairudisha boliti mbele ikiwa imebeba risasi mpya kutoka kwenye magazini. Ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, si zaidi. Kazi yote hiyo inategemea nguvu ndogo ya risasi ndogo, kwa hiyo uchafu kidogo au risasi dhaifu kidogo inatosha kuukwamisha mzunguko. Matatizo mengi utakayokutana nayo yanaanzia hapo.

Kununua

Taratibu hizi ni za Marekani. Kenya na Tanzania zina sheria zao za leseni, na bunduki za nusu-otomatiki kama hii, zinazojipakia zenyewe, huangaliwa huko kwa jicho kali zaidi.

Kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu, mnunuzi wa bunduki ndefu lazima awe ametimiza miaka 18, ingawa majimbo kadhaa yanataka 21. Utajaza fomu 4473, kisha muuzaji ataulizia taarifa zako kwenye mfumo wa FBI. Tangu mwaka 2022, wenye umri chini ya miaka 21 hufanyiwa uchunguzi wa ziada unaoweza kuchukua siku kadhaa. Mwenye green card anaruhusiwa kununua. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au ya utalii, kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe ndani ya msamaha uliotajwa na sheria, na unaojulikana zaidi ni wa kuwa na leseni halali ya kuwinda. Kuna maswali mawili yanayowaponza watu. La kwanza ni la bangi: fomu inafuata sheria ya serikali kuu hata kama jimbo lako limeihalalisha. La pili linauliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Kumnunulia binamu ambaye yeye mwenyewe asingepita uchunguzi ni kosa la jinai, hata kama pesa ni zake.

Magazini inayokuja na bunduki ni ya kuzunguka, inabeba risasi 10, na inakaa yote ndani bila kuchomoza. Ipo nyingine ya kiwandani ya risasi 25, ila California, New York na New Jersey zimeweka kikomo cha 10. Uliza kabla ya kuagiza. Ukweli ni kwamba ile ya 10 hukwama mara chache zaidi, na inakulazimisha upumzike.

Tenga pesa ya risasi kabla ya kufikiria mapambo. Nunua boksi moja moja la risasi 50, za aina tano au sita, ujue bunduki yako inapenda ipi. Bunduki mbili zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kutofautiana: aina moja ya risasi inakusanya matundu yote ndani ya sarafu, nyingine inayatawanya kama mbegu. Anza na zenye kasi ya juu, karibu mita 380 kwa sekunde. Zile za taratibu, zisizofikia kasi ya sauti, zina utulivu wake lakini huenda zisiisukume boliti mpaka mwisho.

Siku ya kwanza kiwanjani

Vaa miwani na kinga ya masikio. Watu hudai .22 haina kelele. Mwambie anayedai hivyo aje aketi chini ya paa la kiwanja. Anayepiga kwa bega la kushoto avae miwani kwa bidii zaidi, maana maganda na chembe za baruti hutokea kulia, mbele ya uso wake.

Bunduki ikae wazi, bila magazini, mtutu ukielekea kwenye shabaha, mpaka msimamizi aruhusu. Kidole kikae juu ya mwili wa bunduki, si kwenye triga. Kitufe cha sefti kinapita mbele ya triga: kisukume kwenda kulia kufunga, kushoto kufungua. Bonyeza risasi ndani ya magazini moja baada ya nyingine, ingiza magazini mpaka usikie imeshika, ivute kidogo kwa kidole kuhakikisha. Vuta kishikio cha boliti mpaka mwisho, kisha kiachie ghafla. Usikisindikize kwa mkono. Boliti iliyosindikizwa husimama milimita moja kabla ya kufunga, na hapo bunduki itagoma.

Anzia mita 25, ukiwa umekaa na bunduki imelala juu ya mfuko wa mchanga. Mfuko uwe chini ya mti wa bunduki, ile sehemu ya mbao au plastiki unayoshika, kamwe usiwe chini ya mtutu. Kaza kitako begani, weka shavu palepale kila mara. Funga macho, vuta pumzi, toa, kisha fungua macho. Kama alama imehama pembeni mwa shabaha, usiirudishe kwa nguvu ya mikono. Sogeza kiuno au viwiko mpaka bunduki ielekee yenyewe. Hatua hii huonekana ya kipuuzi, na ndiyo inayotenganisha anayejua na anayebahatisha.

Kwa vilengeo vya chuma, jicho likaze kwenye kinundu cha mbele. Shabaha itaonekana ina ukungu, na ndivyo inavyotakiwa. Toa pumzi, ikifika mwisho simama kidogo, bonyeza triga taratibu kwa ncha ya kidole kuelekea nyuma moja kwa moja. Triga ya kiwandani ni nzito kwa bunduki nyepesi kiasi hiki, na hapo ndipo watu wanapoikunja bunduki bila kujua. Risasi ikishatoka, ishikilie triga nyuma kwa sekunde moja huku ukiangalia kinundu kimeishia wapi.

Piga risasi 5 bila kurekebisha chochote katikati. Rekebisha kwa kufuata kitovu cha matundu yote matano, usifuate tundu moja. Darubini nyingi husogea robo dakika ya pembe (si ya saa) kwa kila mbofyo, sawa na milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 25 ni milimita 1.8. Kama kitovu kiko milimita 36 kushoto, bofya mara 20 kulia. Ukiwa na vilengeo vya chuma, kile cha nyuma kisogezwe upande uleule unaotaka risasi iende.

Ukimaliza hapo, nenda mita 50 uirekebishe tena. Ndio umbali unaofaa kuiachia. Ukiwa umeiweka sawa kwa 50, risasi yenye kasi ya juu itashuka sentimita 15 hivi au zaidi ikifika mita 100, na upepo mdogo wa pembeni utaisogeza vya kutosha kukukosesha tundu la katikati.

Ukiona matundu yamehama wiki moja baadaye bila sababu, angalia ile pete inayofunga mtutu kwenye mti, karibu na ncha ya mti. Ikilegea au ikikazwa tofauti, mtutu unasukumwa. Kaza skrubu yake kwa kipimo kilekile kila mara.

Inapokwama

Boliti ya 10/22 ya kawaida haibaki wazi risasi zikiisha. Utasikia klik. Hapa pana mtego: klik hiyo inaweza kumaanisha magazini imeisha, na inaweza kumaanisha risasi imegoma ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Isiwe sababu ya kuigeuza bunduki na kuichungulia. Uelekeze mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, toa magazini, vuta boliti, halafu angalia kilichotoka. Risasi hizi zina dawa ya kuwashia ndani ya ukingo wa ganda, na wakati mwingine dawa haikuenea ukingo wote. Kama alama ya pini iliyopiga ganda ni ya kina, kosa ni la risasi. Kama imegusa kidogo tu, boliti haikufunga vizuri au njia ya pini imejaa masizi.

Ganda likisimama wima mlangoni kama bomba la moshi, badilisha risasi kwanza, kisha safisha ndoano inayolivuta. Risasi isipopanda, shuku magazini: kama haikushika vizuri, kama ina mchanga. Isuuze kwa dawa ya kusafishia bunduki na kuikausha. Usiifungue kwa udadisi, kwani springi ya ndani ina mkazo uliopimwa, ukiupoteza risasi zitaanza kupanda kwa uvivu.

Ukisikia “puf” badala ya mlio, acha papo hapo. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na risasi ya pili itaupasua. Toa magazini, hakikisha chemba haina kitu, pitisha fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni mwa mtutu mpaka uione ikitokeza ndani. Na bunduki ikitoa risasi mbili kwa mvuto mmoja wa triga, usiendelee kupiga hata moja zaidi, mpelekee fundi.

Kusafisha

Baada ya kila risasi 300 hadi 500 inatosha. Risasi za .22 zimepakwa nta, na nta ikichanganyika na masizi huwa kama gundi kwenye uso wa boliti. Mtutu wenyewe unahitaji kidogo.

Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu kwa jicho na kwa kidole. Bunduki ikiwa imekokiwa, kitufe cha sefti kiweke katikati, nusu ya njia, la sivyo hakitapita ndani ya mti. Legeza pete ya mbele, fungua skrubu iliyo mbele ya tundu la magazini, nyanyua mwili utoke. Fanya kazi juu ya kitambaa cheupe, kwa sababu pini mbili zinazoshika triga hudondoka zenyewe. Zitoe pamoja na triga na nyumba yake, kisha toa ile pini nene ya nyuma inayoizuia boliti, geuza mwili juu chini, vuta kishikio mpaka mwisho, nyanyua boliti, halafu achia kishikio na springi yake taratibu.

Sugua uso wa boliti na chini ya ndoano kwa mswaki wa zamani. Mtutu upitishe kamba ya kusafishia kutoka chemba kuelekea mdomo, maana fimbo inayoingilia mdomoni hula ukingo wake. Mafuta ni matone mawili matatu pale boliti inapoteleza, basi. Yakizidi yanakamata vumbi na utakuwa umerudi mwanzo. Osha mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kula, kwani umeshika madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na usiwape watoto kitambaa hicho wachezee.

Ukishairudisha, ipime bila risasi yoyote chumbani. Kokisha, funga sefti, vuta triga: kimya. Fungua sefti, vuta, ishikilie nyuma, kokisha tena, kisha achia triga taratibu. Usikie kitu kikirudi mahali pake. Vuta tena: klik. Kitufe cha sefti kikikataa kufunga, kokisha kwanza, maana hakifungi bunduki isipokokiwa; kikikataa hata hapo, fungua urudie.