Kununua nyumba ya mawe Lamu: wenyewe ni wangapi, na boriti zina hali gani

Dalali akikuonyesha nyumba Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, atakupandisha kwanza darini uone bahari. Mandhari ni mazuri kweli. Lakini thamani ya nyumba ile inategemea mambo mawili usiyoyaona ukiwa juu pale: idadi ya watu wenye haki ndani yake, na hali ya miti inayobeba sakafu uliyoikanyaga. Mwongozo huu umekaa zaidi kwenye hayo mawili, maana ndiyo yanayowatia wanunuzi hasarani. Mengine tutayapitia kwa haraka.

Anza na watu

Nyumba kongwe za mji wa kale kwa kawaida zimerithiwa, na mara nyingi jina lililoko kwenye hati ni la mtu aliyekwisha fariki. Anayekuuzia ni mwana au mjukuu wake. Huenda ni mtu mwaminifu kabisa, ila hana uwezo wa kuuza peke yake.

Hesabu ya mirathi ya Kiislamu inaonyesha kwa nini. Tuseme mzee amefariki, ameacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni, yaani 1/8. Iliyobaki inagawanywa, mwana wa kiume akipata sehemu mbili za binti: kila binti 1/8, kila mwana 2/8. Hapo nyumba ina wenyewe sita. Mwana mmoja akifa kabla ya nyumba kugawanywa, akaacha mke na watoto wanne, wenyewe wamekuwa kumi, na mama wa marehemu akiwa hai ana sudusi, yaani 1/6, katika fungu la mwanawe. Vizazi viwili vikipita hivyo, unaweza kukuta watu ishirini na zaidi, wengine wako Mombasa, wengine Oman au Saudia.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumza bei, omba vitu hivi: cheti cha kifo cha kila mwenye haki aliyefariki, uamuzi wa Mahakama ya Kadhi unaotaja warithi na mafungu yao, na hati ya usimamizi wa mirathi iliyothibitishwa. Sheria ya Urithi ya Kenya inafanya kuuza mali ya marehemu bila idhini ya mahakama kuwa kosa, na mnunuzi aliyelipa hapo amebaki na risiti tu mkononi. Kisha hesabu majina ya uamuzi ule na majina ya watakaotia sahihi. Yakipishana hata kwa jina moja, simama. Mrithi ambaye bado ni mtoto hawezi kuuziwa fungu lake na ami wala mjomba kwa kauli tu; lazima mahakama iruhusu. Aliye ng'ambo atoe hati ya uwakala iliyoshuhudiwa kwenye ubalozi wa Kenya au kwa mthibitishaji wa hati wa huko, kisha isajiliwe hapa. Hati hiyo hufa pamoja na aliyeitoa, basi hakikisha yu hai siku ya kutia sahihi. Mpigie simu ya video mwenyewe, azungumze na wakili wako.

Kuna pia suala la shufaa. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa pwani, mshirika katika mali isiyogawanywa ana haki ya kuchukua fungu linalouzwa kwa mgeni, kwa bei ileile. Ukinunua fungu la ndugu mmoja ukitumaini kuwashawishi wengine baadaye, jua kwamba wanaweza kukutoa. Na hata wasipokutoa, utakuwa na fungu la nyumba ambayo huwezi kuitengeneza wala kuipangisha bila ruhusa yao. Ushauri wetu ni mmoja tu: nunua nyumba nzima au iache.

Uliza pia kuhusu wakfu, yaani mali iliyotolewa moja kwa moja kwa ajili ya dini au hisani, tena uulize mapema. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi hiba, yaani zawadi. Uliza Tume ya Wakfu ya Kenya, na uulize wazee wa msikiti wa mtaa ule, kwani nyumba nyingine ziliwekwa wakfu kwa maneno mbele ya mashahidi na karatasi yake haikufika serikalini.

Kisha karatasi

Nenda kwenye usajili wa ardhi ufanye upekuzi rasmi. Wengi husema kufanya sachi. Ukiwa na hati ya zamani yenye namba inayoanza na CR, rejista yake huwa Mombasa, usishangae ukiambiwa haipo Lamu. Angalia jina la mwenye mali, rehani, na zuio lolote lililowekwa. Rudia upekuzi wiki ile ya kulipa, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa kati ya siku ya kwanza na siku ya malipo.

Swali ambalo mtu wa bara halimjii akilini: je, ardhi imo? Pwani ya Kenya tuna nyumba bila ardhi, ambapo mtu mmoja anamiliki kuta na mwingine anamiliki kiwanja na kulipwa kodi yake. Nyumba ya aina hiyo huweza kuuzwa kihalali, lakini benki haitaipokea kama dhamana, na mwenye ardhi akiuza unaanza mazungumzo upya na mtu usiyemjua. Kama ndivyo ilivyo, bei ishuke sana, na makubaliano na mwenye ardhi yaandikwe kabla hujalipa.

Mchukue mpima ardhi mwenye leseni aende na ramani hadi nyumbani. Ramani inaonyesha kiwanja, lakini nyumba za Lamu hazikujengwa zikifuata mistari ya ramani. Wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia, mara nyingi kinaegemea ukuta wa jirani, na pengine kimeuzwa au kupewa nyumba ya upande wa pili. Ukuta wa kati unaweza kuwa wa nyumba mbili. Mwambie mpima aingie kila chumba cha juu na kuandika mlango wake unafungukia wapi, kisha mkae na majirani wawili wakiwa na nakala ya mchoro ule. Saa moja ya mazungumzo hapo huepusha kesi ya miaka katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Ukitafuta kiwanja nje ya mji badala ya nyumba, kaa mbali na milima ya mchanga ya Shela; ile ndiyo inayohifadhi maji matamu ya mji. Na huko bara, kwenye miji ya Hindi na Mokowe, tangu mradi wa LAPSSET wa kujenga bandari ya Lamu, hati zimepandana. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kufuta hati za makampuni 22 zilizogusa zaidi ya ekari 500,000 katika kaunti ya Lamu. Huko upekuzi wa rejista peke yake hautoshi. Chimba historia ya kiwanja hadi mgao wake wa kwanza.

Kukagua nyumba yenyewe

Nyumba ya mawe ni matumbawe na chokaa kwenye kuta nene, na juu yake boriti za mikoko zimelazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Upana wa chumba, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, umetokana na urefu ambao boriti inaweza kubeba. Juu ya boriti kuna vipande vya matumbawe, kisha chokaa kwa unene. Kila vizazi vilivyotengeneza dari inayovuja vilimwaga tabaka jingine juu ya lile la zamani. Uzito uliongezeka, mti ukabaki uleule.

Kwa hivyo shika tochi na msumari wa inchi nne. Boriti haianzi kuoza katikati. Huanzia kwenye ncha iliyozama ukutani, ambako unyevu unakaa na mchwa hupita bila kuonekana. Pale mti unapoingia ukutani, sukuma msumari kwa nguvu ya mkono. Mti mzima utaukataa. Ukizama sentimita mbili na kutoka na unga, boriti hiyo imekwisha hata kama katikati inang'aa kwa rangi. Fanya hivyo ncha zote mbili, boriti moja baada ya nyingine, ukiandika kwenye mchoro wa chumba. Mbovu moja moja zinabadilishwa. Zikiwa theluthi ya chumba, hesabu kwamba dari yote ya chumba hicho itashushwa na kujengwa upya.

Kwa bungu, mdudu anayetoboa na kula mti, kuna njia rahisi zaidi. Omba chumba kifagiwe jioni, kifungwe, nawe urudi asubuhi. Vijirundo vidogo vya unga wa manjano sakafuni vitakuonyesha ni boriti ipi juu yake inaliwa sasa hivi. Matundu ya zamani yasiyotoa unga hayana haja ya kukutia hofu.

Tazama pia kama mtu aliwahi kuchomeka vyuma kuzisaidia boriti. Hewa ya bahari hula chuma, nacho kikishika kutu huvimba na kupasua ukuta kilimoingizwa.

Kuta zigonge kwa kifundo cha kidole. Sauti ya mtungi mtupu maana yake plasta imeachana na jiwe. Ukikuta plasta ya saruji chini, na juu yake kidogo ukuta unatoa unga mweupe wa chumvi, ugonjwa ni saruji yenyewe: ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na hutakiwa kuutoa, saruji inauziba, unyevu unapanda juu na chumvi inalipua jiwe. Dawa yake ni kuondoa saruji yote na kupiga chokaa kilichoroweshwa wiki kadhaa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga usio na chumvi, kwa matabaka membamba yasiyozidi sentimita moja, kila moja likiachwa siku kadhaa huku likinyunyiziwa maji. Fundi akikuambia ataimaliza nyumba kwa wiki moja, huyo si fundi wa chokaa.

Nyufa zipake jasi kidogo kwa kukatisha, uandike tarehe. Jasi ikipasuka baada ya wiki tatu, ukuta bado unatembea, na hapo mtafute mhandisi kabla ya wakili.

Ukiweza, itembelee nyumba mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea. Mvua moja kubwa itakuonyesha dari inavuja wapi na maji ya jirani yanamwagikia wapi. Mwisho pima umbali kati ya kisima na shimo la choo. Katika nyumba nyingi vimekaribiana mno, na maji hayo ni ya kufulia tu.

Ruhusa na gharama ya kutengeneza

Mji wa kale umelindwa kisheria, na tangu 2001 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kubadilisha umbo la nyumba, kuongeza ghorofa au kutoa mlango wa nakshi kunahitaji idhini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pamoja na kibali cha kaunti. Peleka michoro kabla ya kununua kama mpango wako unategemea ghorofa ya ziada, maana huenda usiipate. Mikoko nayo haikatwi bila leseni ya Huduma ya Misitu, basi nunua boriti zenye karatasi.

Kwenye bajeti weka usafirishaji kama fungu lake peke yake. Mfuko unaotoka bara hupakiwa Mokowe, hushushwa gatini Lamu, kisha hubebwa na punda hadi mlangoni. Na kifusi kinatoka kwa njia hiyohiyo.

Mkataba na fedha

Mkataba wa ardhi lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe. Amana kwa kawaida ni asilimia 10, nayo ikae kwa wakili wa muuzaji hadi mauzo yakamilike, isipitie kwa dalali. Muda wa kukamilisha wengi huandika siku 90. Kwa nyumba ya mirathi, siku hizo zianze kuhesabiwa pale hati ya mahakama itakapotoka. Taja ndani ya mkataba mlango wa nakshi, madirisha na zidaka (vishubaka vya ukutani) moja moja, pamoja na picha. Bila hivyo unaweza kukabidhiwa nyumba yenye tundu mahali pa mlango.

Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani atakayoipanga mthamini wa serikali: nyumba ya shilingi milioni 6 ni shilingi 240,000. Ada ya wakili iulize mwanzo, uongeze VAT ya asilimia 16. Kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15, ni ya muuzaji, na mkataba useme hivyo. Muuzaji alete cheti cha kutodaiwa kodi za kaunti, na mwenye ndoa alete ridhaa ya mwenzake. Asiye raia wa Kenya hapati zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, hata akioa hapa.

Jina litakaloandikwa

Mkiwa mume na mke, amueni kwa makusudi. Umiliki wa pamoja usiogawanyika humpa aliyebaki nyumba nzima mmoja akifariki, na hilo linaweza kugongana na mirathi ya Kiislamu. Umiliki wa mafungu huandika sehemu ya kila mmoja, na fungu lake huenda kwa warithi wake. Ndugu wanaonunua pamoja waandikishe mafungu. Wosia wa Kiislamu hauvuki theluthi ya mali wala haumpi mrithi. Ukitaka binti fulani apate chumba fulani, mpe hiba ungali hai, umkabidhi, na uisajili.

Kila mwaka mwezi wa Machi, kabla ya masika, panda darini ufagie mifereji, uzibe nyufa kwa chokaa, na uing'oe miche ya mkuyu inayoota ukutani pamoja na mizizi yake. Ukikata juu tu, inarudi nene zaidi.