Kufunga pikipiki ya porini kwenye keria ya nyuma ya gari

Juzi nimemsaidia kijana mmoja hapa Mtwara kupakia Yamaha DT yake, pikipiki ya porini, kwenda Newala, na aliyoniuliza ni yale yale wanayouliza wengi: gari gani linafaa, na pikipiki ifungweje isianguke. Nazungumzia keria ya chuma inayochomekwa kwenye bomba la mraba la kuvutia trela, na pikipiki ya kilo 100 hadi 130. Mwenye pikapu apakie kwenye bodi, haya hayamhusu.

1. Gari

Pikipiki ya kilo 120 na keria ya kilo 30 ni kilo 150, zote zinaning'inia nyuma ya ekseli. Chukua gari lenye mita 2.6 kati ya ekseli mbili, mzigo ukiwa mita 1.5 nyuma ya ile ya mwisho: matairi ya mbele yanapunguziwa kama kilo 87, ya nyuma yanaongezewa kama 237. Usukani unakuwa mwepesi hadi unatisha. Kwa hiyo IST, hapana. Hata kwenye Prado, soma kibao cha bomba: unatafuta uzito unaoruhusiwa kukandamiza chini, si ule wa kuvuta. Ni namba mbili tofauti, na muuzaji atakutajia ile kubwa.

2. Keria

Chomeka, tia pini, tia klipu. Ikicheza, fundi wa kuchomelea atoboe ubavu wa bomba, achomelee nati pale, kisha bolti iibane keria isitikisike.

3. Kupandisha

Watu wawili na ubao imara. Funga koki ya mafuta.

4. Kufunga

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Tumia mikanda ya racheti, minne. Mipira ya tyubu ni ya kufungia kreti za soda. Inavutika, na kwenye makorongo pikipiki inaanza kucheza ngoma. Kamba ya manila nayo inalegea.

Mkanda usizungushe kwenye mshikio wala juu ya waya wa breki. Pitisha kitanzi laini kwenye kile chuma kinachoshika shokapu mbili za mbele, chini ya usukani, halafu ndoano ya racheti ishike kitanzi. Mikanda iende chini na kutanuka kushoto na kulia. Kaza kidogo huku, kidogo kule, ukirudia. Ukimaliza upande mmoja kwanza, pikipiki inalala.

Shokapu zibonyee, lakini zisifike mwisho. Zikibanwa kabisa safari nzima, sili zinaweza kuanza kuvuja mafuta. Zikibanwa kidogo mno, shimo la kwanza linazibonyeza zaidi, mkanda unalegea, ndoano inachomoka. Dawa yangu ni kipande cha mbao ngumu kati ya tairi la mbele na madigadi ya juu, ile iliyofungwa chini ya kile chuma cha shokapu (madigadi iliyo chini, karibu na tairi, haifai: inapanda pamoja na tairi). Mbao ikishabanwa, unakaza mkanda bila wasiwasi na shokapu hazina pa kwenda.

Mikanda miwili iliyobaki ni ya nyuma: mmoja kwenye fremu, mmoja uzungushe ringi na reli ya keria. Stendi ikunjwe. Usitegemee gia kuizuia pikipiki. Ncha za mikanda zifunge fundo, zisipeperuke zikaingia kwenye tairi.

5. Kabla ya kuwasha

Taa na pleti namba zionekane, maana trafiki hatasikiliza hadithi. Angalia ekzosi ya gari isielekee kwenye tairi la pikipiki. Moshi wa moto unayeyusha mpira.

6. Njiani

Simama baada ya kilomita chache, ukaze tena. Simama tena lami inapoisha. Matuta uyapande polepole kabisa, na usilikaribie lori la korosho: breki zako si zile za jana. Ukirudi nyuma, mtu ashuke akuelekeze.

Mkiwa mmekwenda kuchezea mchanga wa ufukweni Msimbati, siku hiyo hiyo osha keria kwa maji yasiyo na chumvi, uchomoe pini na kuipaka grisi. Chumvi ikishaikamata, utaitoa kwa nyundo.