Kabla ya Kuwapeleka Watoto Pabu ya Shamba: Mambo ya Kuzingatia

Wifi yangu alipokuja kututembelea Reading kutoka Tanga, nikamwambia Jumapili tunawapeleka watoto pabu. Akaweka kikombe chini. "Wifi, unaniingiza baa na watoto?" Sikumlaumu. Kwetu mtoto anayeonekana mlango wa baa ni yule aliyetumwa kumwita baba yake. Ilinichukua muda kumweleza kwamba pabu ya kijijini hapa Uingereza, mchana wa Jumapili, ni mabibi na mababu, wajukuu, vigari vya watoto na sahani za nyama. Pombe ipo, na wala haijifichi, lakini nyuma ya nyumba kuna bustani, na bustanini kuna bembea, slaidi na ngazi za kukwea. Watoto ndio wanaokumbuka bembea. Wakubwa wanakumbuka kama walikula.

Sisi siku ile hatukula. Tulifika saa tisa na dakika kumi, na jiko lilikuwa limefungwa saa tisa kamili. Pabu ilikuwa wazi, vinywaji vipo, moto unawaka, watu wanacheka, ila chakula hakuna mpaka jioni. Tukawalisha watoto wanne vipakiti vya krispi. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kupiga simu kabla, na mengi ya maandishi haya ni yale ninayouliza kwenye simu hiyo.

La kwanza ni saa za jiko, ambazo si sawa na saa za pabu. Pabu nyingi za vijijini hupika mchana, hufunga jiko alasiri, kisha hufungua tena jioni. Siku ya Jumapili, pabu nyingine hupika mfululizo mpaka jioni mapema halafu basi, na wengi wanaopika nyama ya Jumapili huuza mpaka iishe. Ukichelewa unaambiwa ng'ombe amekwisha, amebaki kuku. Jumatatu na Jumanne zipo zisizofungua kabisa. Weka nafasi, hasa kama mko watu sita na zaidi, na useme mapema unahitaji viti virefu vingapi vya watoto wachanga, kwa sababu huenda wanavyo viwili tu. Siku za kuogopa ni Siku ya Mama, ambayo hapa huwa Jumapili ya mwezi Machi au mwanzoni mwa Aprili, na zile wikiendi ndefu za Mei na Agosti.

La pili ni uwanja wenyewe wa watoto. Maneno "tunakaribisha familia" kwenye tovuti yanaweza kumaanisha eneo zima lenye meli ya mbao ya kupanda na trampolini, au kopo la kalamu za rangi na bembea moja yenye kutu. Tazama picha zilizopigwa na wateja, usitegemee za mwenye nyumba. Mimi hufungua pia ramani ya picha za setilaiti: uwanja unaonekana kutoka juu, na unaona uko wapi. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Uko upande wa bustani au upande wa maegesho ya magari? Una uzio na geti? Mto uko umbali gani? Huku kwetu pabu nyingi nzuri ziko kando ya mto Thames au mifereji, na bustani huteremka moja kwa moja mpaka majini bila kizuizi. Mandhari ni nzuri, lakini ukiwa na mtoto wa miaka miwili utakula umesimama.

Uliza pia umri. Vifaa vingi vimewekewa kibao cha umri wa mwisho, mara nyingi miaka 12, na vidogo vya chini ya miaka mitano huwa pembeni kama vipo. Na uombe meza ambayo uwanja unaonekana kutoka hapo. Wahudumu wanajua ni meza gani. Ni ombi wanalolisikia kila wiki. Kuwalinda watoto ni kazi yako, na kibao cha kusema hivyo karibu kila uwanja kinacho.

Sasa chakula, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia nyingi za Kiswahili tunapoteleza. Kwanza, "rosti" yao si rosti yetu. Usitarajie nyanya, vitunguu na mchuzi wa kuchovya chapati. Ni kipande cha nyama iliyookwa, viazi vilivyookwa, karoti, kabeji, mchuzi wa kahawia mzito na kile kikombe cha unga kilichofura wanachokiita Yorkshire pudding. Wifi alikigeuza mara mbili akauliza kama ni andazi lililopasuka. Si mbali.

Kwa Waislamu, nyama na kuku wa pabu za kawaida si halali, hilo wengi wanalijua, kwa hiyo wanakimbilia samaki na chipsi wakidhani wamesalimika. Polepole. Unga unaomfunika samaki mara nyingi hukorogwa kwa bia; ndiyo sifa yake, na huandikwa waziwazi kwenye menyu. Chipsi zinaweza kukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe badala ya mafuta ya mimea, na huko kaskazini, Yorkshire na jirani zake, watu wanajivunia hivyo. Hata mafuta yakiwa ya mimea, karai linaweza kuwa lile lile lililotoa vipande vya kuku na soseji. Viazi vya kuoka vya Jumapili mara nyingi hupakwa mafuta ya bata bukini au ya ng'ombe, na Yorkshire pudding kwa asili humiminwa kwenye mafuta ya nyama yaliyochemka. Mchuzi wa sahani ya nyama ni wa nyama. Uliza kama upo wa mboga. Soseji ya menyu ya watoto ichukulie ni nguruwe mpaka uambiwe vinginevyo. Kwenye vitamutamu, jeli na zile pipi laini nyeupe zinazowekwa juu ya kikombe cha chokoleti ya moto zinaweza kuwa na jelatini ya nguruwe, na trifle, ile keki ya tabaka yenye kastadi, mara nyingi huwa na mvinyo chini.

Ukiuliza, uliza kitu kwa jina lake: "Chipsi mnakaanga kwa mafuta gani? Karai ni moja?" Ukisema tu "halali" kwa kijana wa miaka kumi na saba nyuma ya kaunta, atakuletea daftari la mzio. Kutoa taarifa hizo ni lazima kisheria, na daftari ni zuri: linaonyesha vitu 14, miongoni mwake karanga, maziwa, mayai, ufuta, samaki, soya na ngano. Kwa mtoto mwenye mzio ndilo la kushika, na usione haya kuling'ang'ania. Lakini nguruwe hayumo kati ya vile 14, wala pombe haimo. Daftari linaweza kuwa safi na sahani ikawa na vyote viwili.

Sisi tumeishia kuwa na sahani zetu: samaki wa kuchoma bila unga, kiazi kizima cha kuoka chenye maharage na jibini, tambi za mboga. Watoto hawalalamiki. Na vitumbua vyako vibaki garini. Pabu hizi zinaishi kwa majiko yao, na kufungua kontena la pilau kwenye meza yao ni sawa na kwenda kwa mama ntilie na chungu chako. Chakula cha mtoto mchanga hakina neno, na keki ya siku ya kuzaliwa hukubaliwa ukiomba mapema.

Kama pombe jirani na meza yako ni jambo usilolitaka kabisa, na ni haki yako, kuna njia nyingine inayotoa karibu mambo yote hayo: mikahawa ya mashambani. Wakulima wengi wana duka la mazao na mkahawa pembeni, na nje kuna uwanja wa watoto, mbuzi wawili, nguruwe mmoja na trekta la kukalia. Vituo vya kuuza miche na maua navyo karibu vyote vina mkahawa. National Trust, ile taasisi iliyoanzishwa 1895 kutunza majumba ya zamani na ardhi, ina mikahawa kwenye bustani zake nyingi; humo hulipi chai tu, unaweza kutozwa kiingilio au maegesho, lakini mtoto wa chini ya miaka mitano haingii kwenye hesabu ya kiingilio. Mikahawa hii hufunga mapema, alasiri hivi, kwa hiyo ni safari ya asubuhi.

Penye wanyama, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chakula. Jeli ya mikono haitoshi, hasa kwa mtoto ambaye dole gumba halimtoki mdomoni. Mwaka 2009 kwenye shamba moja la kutembelewa huko Surrey, watu 93, wengi wao watoto wadogo, waliugua kwa bakteria wa E. coli O157 walioko kwenye kinyesi cha mifugo, na baadhi ya watoto wale figo zilipata madhara. Kwa hiyo mbuzi kwanza, sinki la pili, keki la tatu.

Mbwa nao wanataka neno lao. Pabu ya kijijini bila mbwa ni nadra. Bakuli la maji liko mlangoni na biskuti zake ziko juu ya kaunta. Kwa mtoto aliyekulia anakokimbizwa na mbwa wa jirani, na kwa mzazi anayejali unajisi wa mate, hili lina uzito. Zipo nyumba zenye chumba cha kulia ambacho mbwa hawaingii, ukiomba meza huko unapewa bila maswali. Kichekesho ni kwamba zipo pia zinazokaribisha mbwa na zisizotaka watoto. Ndiyo sababu nyingine ya simu.

Sheria ni fupi. England na Wales, mtoto wa chini ya miaka 16 kwenye nyumba ambayo biashara yake kubwa ni pombe lazima awe na mtu mzima wa miaka 18 au zaidi. Juu ya hapo kila mwenye pabu ana masharti yake, na wengi huwataka watoto wawe wameondoka jioni, saa mbili au saa tatu usiku. Utasikia pia kwamba kijana wa miaka 16 au 17 anaruhusiwa bia, mvinyo au saida (pombe ya tofaa) akiwa anakula mezani na mtu mzima ndiye aliyenunua. Ni kweli. Mwanao asikuletee hoja hiyo kama vile ni wajibu wako. Na anayeendesha gari anywe soda. Barabara za huko hazina taa.

Barabara zenyewe zinahitaji maandalizi. Msimbo wa posta ukiuweka kwenye ramani ya simu, mjini unakufikisha mlangoni, shambani unaweza kufunika eneo kubwa na kukuacha mbele ya geti la mkulima. Weka jina la pabu, au alama kamili ya ramani, na uipakue ramani kabla ya kutoka, kwa maana mtandao hukatika mara tu unapoacha barabara kuu. Njia nyingi ni za gari moja. Mkikutana, aliye karibu na sehemu ya kupishana ndiye anayerudi nyuma, halafu mnapungiana mkono. Mabasi ya Jumapili yahesabu hayapo. Na ule mtindo wetu wa kumpakata mtoto kwa sababu gari limejaa haupo: kiti cha mtoto ni lazima mpaka afike miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lolote litakalotangulia. Mkigawana magari, gawaneni na viti.

Cha kubeba si kingi. Gumbuti, hata Julai. Suruali ya akiba na soksi mbili kwa kila mtoto. Mfuko wa plastiki wa vitu vyenye tope. Na taulo kuukuu, hili nakuomba usilisahau: slaidi ya chuma au plastiki iliyonyeshewa usiku ina dimbwi dogo pale chini inapojikunja, na mtoto wa kwanza kushuka ndiye anayelikausha kwa makalio. Ukilipangusa wewe, wazazi wa meza nyingine watakushukuru. Kando ya uzio huota nettle, majani yanayowasha kama upupu. Waonyeshe watoto mapema yalivyo, yana meno meno na vinyweleo. Majira ya baridi giza linaingia saa kumi jioni, kwa hiyo watoto wacheze kwanza, chakula baadaye.

Kisha kuna kuondoka. Mwaka 2012 magazeti yaliandika jinsi David Cameron, akiwa Waziri Mkuu, alivyomsahau binti yake wa miaka minane kwenye pabu ya The Plough huko Cadsden, Buckinghamshire, baada ya chakula cha mchana cha Jumapili. Magari yalikuwa mawili. Baba alidhani mtoto yuko na mama, mama akadhani yuko na baba, na mtoto alikuwa chooni. Alikaa na wahudumu kama robo saa mpaka mama yake aliporudi. Kama lilimpata mtu mwenye walinzi, sisi tunaotoka magari matatu na watoto wa ndugu wanaobadilishana viti tuna bahati tu. Siku hizi mume wangu husimama maegeshoni na kuita majina kama kondakta wa basi la Tanga, na kila mtoto hujibu na gari lake: "Niko kwa shangazi!" "Niko kwa mjomba!" Wa mwisho kujibu anabeba mfuko wa tope.